Muda wa Mtu wa Tatu

Ukerewe baiskeli ni mfanyakazi. Inabeba maji, mihogo, machungwa, wanafunzi watatu kwa mkupuo, mgonjwa pamoja na anayemshikilia mgonjwa. Kwa hiyo lilipotoka tangazo kwamba watu wazima wenye akili timamu wataondoka Nansio kwa baiskeli Jumamosi, mbio mbio hadi Bugolora bila kubeba chochote, na kesho yake warudi mbio mbio bila kubeba chochote, wazee wengi walidhani msomaji ameruka mstari.

Si kwamba mbio ni ngeni Kanda ya Ziwa. Mwanza iliwahi kuwa na mashindano makubwa ambayo wanaume walishindana kilomita 196, wanawake 80, na wenye ulemavu wakapewa nafasi yao kwa baiskeli za magurudumu matatu. Jirani zetu wa Rwanda wana mbio zao za hatua, Tour du Rwanda, tangu 1988. Julai 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi kwao na jezi ya kijani, na Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Habari za namna hiyo zikifika Nansio hazikai bure. Vijana wachache wakakutana, wakajiita kamati, wakaja na hoja kwamba kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria hakiwezi kukosa wikiendi ya mbio za hatua.

Mashindano yakawa ya timu, watu wanne wanne, na muda wa timu ni muda wa mtu wa tatu kuvuka mstari. Wa kwanza hata akifika jana yake, haisaidii. Wa nne anaweza kupotelea njiani na kuoa huko huko, hakuna atakayemuuliza. Kamati hawakuitoa kichwani kanuni hiyo. Kwenye Olimpiki, kuanzia Roma 1960 hadi Barcelona 1992, kulikuwa na mbio za timu za kilomita 100 dhidi ya saa, watu wanne, na saa ilisomwa kwa wa tatu. Mimi nafundisha hesabu, na kanuni zikiwa fupi huwa nazipenda. Hii sikuipenda. Ni kanuni inayomchagua mtu mmoja asiye na hatia na kumwambia: timu ni wewe.

Nilikubali kujiunga kwa sababu nilihakikishiwa kuwa nitakuwa wa nne. Wa kwanza wetu alikuwa Mizigo, ambaye kazi yake ni kutoa dagaa mwaloni na kuwapeleka sokoni kwa baiskeli ya foneksi isiyo na gia hata moja. Keria yake imeunganishwa nondo na fundi, na mapaja yake yanaonekana kuunganishwa na fundi huyo huyo. Wa pili ni Kwaya, mwongozaji wa kwaya ya Kikatoliki, mwenye mapafu ya kushika sauti moja hadi waumini waanze kuangaliana. Wa tatu ni Msabato, seremala, mwembamba, ambaye akiona mlima hufurahi. Nami nilikuwa na baiskeli ya mtumba yenye gia ishirini na moja, zinazokubali kazi mbili.

Siku chache kabla ya mashindano tukakaa chini ya mwembe kupanga mbinu. Msabato akasema kwa upole, "Ndugu zangu, Jumamosi sitakuwepo."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Katika kisiwa chenye Wasabato wengi namna hii, swali hilo ni utovu wa adabu. Kwaya akakohoa. "Na mimi, kwa kuwa tunasema ukweli, Jumapili nina misa."

Mizigo, ambaye ni Mwislamu, alitutazama kwa huruma. "Mngesema Ijumaa, na mimi ningewaachia."

Nikafanya hesabu hapo hapo. Nne kutoa moja ni tatu, Jumamosi na Jumapili. Nikiangalia waliobaki, wa tatu siku zote mbili alikuwa ni mimi.

Tangu saa ile nikaanza kupendwa. Mke wa Mizigo alileta uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, na akasimama hadi nikaumaliza. Msabato alikuja kunikagua matairi, akanikagua na mimi. Ijumaa usiku Kwaya alinipigia simu, akaniamsha, akaniuliza kama nimelala. Mama watoto, aliyekuwa anasikiliza, aliniambia kwamba tangu anifahamu hajawahi kuona wanaume wazima wakigombea kujua kama nimekula.

Jumamosi asubuhi timu za Mwanza zilikuwa zimeshashuka melini na baiskeli nyepesi za kunyanyuliwa kwa kidole, miwani ya rangi ya mafuta ya taa na kaptura za kubana kiasi kwamba mama wauza maandazi waligeuka na kuangalia ziwa. Tulikuwa tunasubiri filimbi alipotokea Mizigo. Kwenye keria yake kulikuwa na magodoro mawili, tano kwa sita, bado yako kwenye nailoni, yamefungwa kwa mpira.

"Kaka, hiyo nini?" Kwaya akauliza.

"Ya mteja wangu Bugolora. Si tunakwenda Bugolora?"

"Haya ni mashindano!"

"Mashindano yanakwenda wapi?"

Kwaya akanyamaza. Mizigo akatumia nafasi hiyo kueleza kwamba foneksi yake haina mazoea ya kwenda mikono mitupu. Ikikosa mzigo tairi la nyuma linarukaruka na usukani unakuwa na mawazo yake. Mtu wa kamati aliyepewa cheo cha mwamuzi alisoma kanuni zote mbele na nyuma. Ziliongelea breki, kofia na lugha chafu. Kuhusu magodoro zilikuwa kimya.

Hapo ndipo nilipogundua kuwa Mizigo ametununulia ushindi bila kujua. Siri ya mbio za timu ni upepo. Anayetangulia anaukata, na anayejibana nyuma ya tairi lake anaweza kuokoa karibu theluthi ya nguvu zake. Ndiyo maana wenzetu wa Ulaya hupokezana kuongoza kila baada ya muda mfupi. Na hizo hesabu zao zinamhusu mwanamume mmoja aliyeinama. Hakuna mtaalamu, nijuavyo, aliyewahi kupima faida ya kukaa nyuma ya magodoro mawili ya tano kwa sita. Nyuma ya Mizigo hapakuwa na upepo kabisa. Palikuwa na utulivu, kivuli, na harufu ya sponji mpya. Kwaya alianza kuimba. Vijana wawili wa Mwanza, waliokuwa wamesoma mambo haya, waliacha timu yao wakaja kujibanza nasi.

Tukiwa upande wa Bukindo, penye ikulu ya zamani ya Mtemi Lukumbuzya, bibi mmoja aliweka jembe chini na kunipungia kwa mikono miwili. Nikadhani ananishangilia.

"Mwalimu! Nani kafariki?"

Alikuwa na haki. Mtu wa makamo akiendesha baiskeli kwa kasi ile, tena mwalimu, amebeba habari mbaya. Nikampigia kelele kwamba hakuna, ni michezo. Alinisikia nusu. Niliporudi kesho yake nilimkuta ameshavaa kanga ya msibani, anasubiri kuambiwa ni upande gani.

Upepo wa ziwani huamka kadiri jua linavyopanda, na Ukerewe kuna ziwa pande zote. Barabara ilipotoka kwenye miti, ukatupata ubavuni, na magodoro yakageuka tanga. Mizigo alianza kusafiri kuelekea Bugolora na kuelekea shambani kwa wakati mmoja. Wabelgiji wana dawa ya upepo wa namna hii: waendeshaji hujipanga mshazari, kila mmoja akijificha pembeni kidogo ya mwenzake, hadi wanaijaza barabara upana wote. Nilitoa amri tujipange mshazari. Kwaya alielewa. Vijana wa Mwanza walielewa. Mizigo peke yake hakuhitaji kuelewa, kwa kuwa tayari alikuwa mshazari yeye mwenyewe, baiskeli ikitazama kaskazini na mzigo ukitazama Musoma.

Kisha tairi langu la nyuma likapasuka.

Pancha haikunitia hofu. Tulikuwa na msaada: bodaboda aliyekodiwa na timu kutufuata, begani ana tyubu mpya, pampu na spana. Tukageuka kumwita. Barabara nyuma ilikuwa nyeupe. Mama mmoja aliyekuwa anaanika mihogo alitupa taarifa kamili: bodaboda wetu alisimamishwa na abiria anayepeleka mahari, akakubaliana naye bei, wakapinda njia ya ziwani. Tyubu yangu ilikuwa inakwenda kwenye mahari.

Mita chache mbele kulikuwa na fundi baiskeli chini ya mti. Alitoa tyubu bila haraka, akaizamisha kwenye karai la maji, akaangalia mapovu yanavyopanda. Akaikausha. Akaikwangua. Akapaka solusheni, akaipuliza, akaiweka juani, akaanza kuniuliza habari za mtoto wake aliye kidato cha pili.

"Fundi, tuko kwenye mashindano," nikamwambia.

Akatazama barabarani, ambako timu ya mwisho ilikuwa imeshapita. "Haraka ya nini sasa, mwalimu? Si umeshachelewa?"

Sikuwa na jibu la hesabu hiyo. Nilipogeuka kuwaomba radhi wenzangu, nikawakuta wamelala. Mizigo alishusha godoro moja, akalilaza majanini na nailoni yake, akajinyoosha upande huu, Kwaya upande ule, na kijana mmoja wa Mwanza katikati, amevua kofia. Kisiwa hiki kinajua kusubiri. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, na kikachapwa, kwa Kiswahili, mwaka 1980. Ukilinganisha na miaka 35, kiraka changu kilikauka upesi sana.

Bugolora tulifika hotuba zimeisha. Mteja wa Mizigo alikuwa amekaa penye mstari wa kumalizia tangu asubuhi, na ndiye mtu pekee aliyetushangilia. Akabonyeza magodoro, akalipa, akamuuliza Mizigo kwa nini moja lina joto.

Usiku ule ukazuka mgogoro ambao ulinifanya nisahau miguu. Kamati ilikuwa imesoma kwamba anayeongoza mbio za hatua huvaa jezi ya njano, desturi iliyoanza Ufaransa mwaka 1919 kwa sababu gazeti lililoandaa mbio lilichapwa kwenye karatasi za njano. Wakatafuta jezi ya njano, wakapata. Tatizo ni kwamba kijana wa Mwanza aliyeongoza alikuwa Simba wa damu.

"Sivai," akasema.

"Siyo ya Yanga. Ni ya Ufaransa."

"Ufaransa nao watajua wenyewe."

Akaambiwa atapoteza zawadi. Akasema mama yake anaweza kuona picha. Mwishowe aliyekuwa wa pili, Yanga tangu tumboni, alijitolea kuivaa kwa niaba yake, na akaivaa hata kulala. Jumapili nzima watu wa vijijini walimshangilia huyo, wakampa machungwa, wakamshika mkono, na kiongozi halisi akapita nyuma yake na fulana nyekundu bila hata kuulizwa jina.

Jua lilipozama Msabato alitoka Nansio, na alitufikia gizani na tochi mdomoni. Alikuwa hana jasho. Nawaonya wanaopanga timu: mtu aliyepumzika kutwa nzima kwa amri ya Mungu ni mtu hatari. Jumapili saa moja asubuhi filimbi ilipolia alichomoka akapotea kwenye kona. Baada ya muda akarudi kutuangalia. Akaenda tena. Akarudi tena. Nakadiria kila kilomita tuliyokwenda sisi yeye aliipita mara tatu, na kila akitupita aliniuliza, "Mwalimu, unajisikiaje?"

Nilikuwa najisikia vibaya, kwa sababu ya dagaa. Mizigo hakukubali kurudi keria tupu. Alikuwa amechukua gunia la dagaa wakavu, limetuna pande zote, na mimi mahali pangu ni nyuma ya gunia. Kuzuia upepo, lilizuia. Lakini dagaa mkavu akitikiswa kwenye changarawe hutoa unga, na unga huo ulikuwa unanijia usoni kwa mpangilio, puani, mdomoni, kwenye mikunjo ya masikio. Vijana wa Mwanza walivumilia hadi kijiji cha kwanza, wakachagua upepo.

Kijiji cha kwanza ndipo tulipopata mbwa. Sijui nani aliwaambia. Walitoka wawili, kijiji cha pili wakawa sita, na hawakumfuata Mizigo. Yeye alikuwa juu na mbali. Walimfuata mtu wa nyuma aliyepakwa dagaa mwili mzima. Kasi niliyoitoa pale hata Msabato aliisifia alipokuwa anapita kwa upande wa pili. Kwa muda mfupi, kwa mujibu wa saa ya kamati, timu yetu ilikuwa ya tatu kwa hatua ya siku hiyo.

Ndipo kengele ikalia. Kwaya akakunja kona bila kusema neno, akaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa kanisa, akachukua joho lake kwa mtoto aliyekuwa anamsubiri mlangoni, akaingia. Tukamsikia akitoa sauti ya kwanza kabla hatujamaliza kupita. Alikuwa na pumzi ya ajabu kwa mtu aliyetoka Bugolora.

Hatua ya Jumapili haikuishia Nansio. Ilikata mji, ikaenda Rugezi kwenye kivuko cha Kisorya, pakawa na pipa la kuzunguka, ndipo kurudi Nansio kumalizia. Mjini wanafunzi wangu walikuwa wamejipanga darasa zima. Nilitegemea huruma.

"Mwalimu, onyesha njia!" wakaanza wa mbele.

"Zimebaki dakika tano!"

Na wa nyuma kabisa, wale ambao huwa siwasikii darasani, kwa sauti moja: "Kalamu chini!"

Rugezi tulikuta kivuko kinapakia. Kulikuwa na basi, malori, kuku, watu wenye baiskeli zao, na mahali fulani katikati ya hao kulikuwa na pipa. Tulilizunguka mimi na Mizigo. Msabato hatukumwona, ingawa alikuwa ametutangulia. Tukaulizia. Kijana muuza karanga akanyoosha kidole kuelekea majini.

Alikuwa amefika kwa kasi, akakuta foleni ya baiskeli, watu wakampisha na kumsukuma mbele, "pita kijana, pita, wahi", naye akajua ndiyo heshima ya mashindano. Alipotafuta pipa akakuta mlango wa kivuko umeshapandishwa. Tulimwona kule sitahani, amesimama bado juu ya baiskeli, anatupungia, anaondoka kuelekea bara.

Nikafanya hesabu upya, na nikiri ilinipa raha. Msabato yuko majini. Kwaya yuko kanisani. Mizigo wa kwanza, mimi wa pili. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile chini ya mwembe, sikuwa mtu wa tatu. Hatukuwa na mtu wa tatu. Nikaendesha kurudi Nansio taratibu kabisa, nikinunua muwa njiani.

Mstarini tukakaa kusubiri mmoja wa wale wawili. Muda rasmi wa timu yetu sasa ulikuwa unajumuisha mahubiri. Mtu mmoja aliyetoka misa ya kwanza akatuambia padre leo ana wageni na kuna matangazo ya ndoa. Mwamuzi akachomeka simu kwenye chaja, kwa kuwa saa ya mashindano ilikuwa humo humo.

Walitokea pamoja. Kwaya alikuwa amekwenda Rugezi akiwa na joho, na pale pipani akakutana na Msabato anashuka kwenye kivuko cha kurudi. Kila mmoja alijua timu inasubiri mtu mmoja tu. Kila mmoja aliamini ndiye. Wangeweza kuongea njiani wakakubaliana, lakini wote walikuwa na haraka. Wakaingia mjini bega kwa bega, joho limejaa upepo, Msabato ameinama hadi pua inagusa usukani, na Nansio ikagawanyika pande mbili bila kuambiwa. Huku wakaimba pambio, huku wakapiga vigelegele. Mama mmoja alikuwa anamshangilia Kwaya huku mumewe ng'ambo ya barabara anamshangilia Msabato. Walivuka pamoja. Wengine walisema tairi la Msabato lilitangulia, wengine wakasema joho. Mwamuzi, ambaye mama yake husali Jumamosi na baba yake Jumapili, aliwapa muda mmoja na kufunga simu.

Tulishika nafasi ya pili kutoka mwisho. Wa mwisho ilikuwa timu ya wale vijana wawili wa Mwanza. Mwenzao mmoja alikuwa bado anatafutwa, na baadaye akapatikana amelala kwa fundi baiskeli.

Wakati wa kugawa zawadi nilikaa karibu na Mizigo. Mshindi alipewa bahasha, akapigiwa makofi, akapigwa picha bila jezi. Mizigo hakupiga makofi kwa sababu mikono ilikuwa na kazi: alikuwa anahesabu. Nauli ya magodoro mawili, nauli ya gunia la dagaa, na shilingi elfu moja aliyomtoza kijana wa Mwanza kwa kulalia godoro. Akarudia kuhesabu, akatazama ile bahasha ya mshindi, akatabasamu, akazitia mfukoni. Kisha akainua mkono mkutanoni, kamati walipouliza kama kuna mwenye maoni.

Alitaka kujua mashindano yajayo yatapita njia gani. Kuna mtu Muriti anataka kitanda.